Wakili, mkadiriaji au mtu wa ofisini: nani amshauri mkandarasi wa Mwanza kuhusu mkataba

Siku ya kusaini mkataba wa kazi ya umma, upande wa mwajiri, yaani mwenye kazi inayojengwa, huwa umeshamaliza kazi yake ya sheria. Mwanasheria wa taasisi, au Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ikiwa thamani ni kubwa, ameshaupitia mkataba na maoni yake yako kwenye jalada. Upande wa pili wa meza anakaa mkurugenzi wa kampuni ya ukandarasi ambaye wiki nzima amekuwa akihangaikia dhamana ya utendaji kazi benki, ambaye amekuja na mhuri wake kwenye mkoba, na ambaye mara nyingi ataanza kuyasoma masharti ya mkataba siku atakapokataliwa malipo. Nimekaa upande huo wa meza miaka mingi, nikishika makaratasi ya mikataba ya kampuni ya ujenzi hapa Mwanza, na wenzangu wa kampuni nyingine huniuliza swali lile lile: fedha kidogo iliyopo kwa ajili ya ushauri wa sheria apewe nani? Je, tumweke wakili wa kudumu, tumtafute wakili wa shughuli moja, tumlipe mkadiriaji majenzi (mtaalamu wa vipimo na gharama za ujenzi) anayejua kuandika madai, au tuajiri mtu wetu wa kukaa ofisini na kuutegemea ushauri wa Baraza la Taifa la Ujenzi?

Maoni yangu ni kwamba uchaguzi huo unategemea tarehe kuliko unavyotegemea ukubwa wa kampuni. Anayekufaa kabla ya kusaini siye atakayekufaa siku ya kumi ya kuchimba msingi, na hao wawili huenda wasikufae siku ya kukaa mbele ya msuluhishi, yaani mtu anayeamua mgogoro nje ya mahakama. Kampuni nyingi ninazozifahamu zilipoteza haki yao zikiwa na mshauri mzuri kabisa, ila zilimwita katika hatua isiyo yake.

Nimwondoe kwanza mmoja ambaye wengi humtumia ingawa si mshauri, yaani mwenye duka la steshenari. Uliwahi kufika mezani kwangu mkataba wa kujenga ghala maeneo ya Igoma, ukiwa umesainiwa pande zote mbili na kupigwa mihuri. Kurasa zake sita zilikuwa safi na zimebanwa vizuri, lakini kifungu cha tisa kilimtaka mkandarasi achimbe hadi kina cha mita 80 na kuhakikisha kuwa maji hayana chumvi. Aliyeuchapa alichukua mkataba wa kisima uliokuwa kwenye kompyuta yake, akabadili majina na bei, kifungu hicho akakisahau. Tulicheka hadi tulipofika kwenye malipo na kukuta kwamba awamu ya mwisho italipwa "baada ya maji kutoka". Ghala halitoi maji, na mwenye ghala, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliijua thamani ya sentensi hiyo kabla yetu. Mkataba ulioandaliwa kwa gharama ya kuchapisha tu humwacha mkandarasi bila mtu wa kumuuliza kwa nini kifungu fulani kimo, na hilo linatosha kuliacha duka hilo nje ya ulinganisho huu.

Wakili na mkadiriaji majenzi

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu, kwa sababu wote wawili husoma mkataba ule ule na kila mmoja huona kitu tofauti.

Wakili huanza na maswali ambayo mkandarasi huyaona ya mbali: anayesaini upande wa pili ana mamlaka ya kusaini? Mkataba umelipiwa ushuru wa stempu, ili usikataliwe mahakamani kama ushahidi? Mgogoro utapelekwa wapi, na nani atamteua mwamuzi? Dhamana ya benki imeandikwaje? Swali hili la mwisho peke yake linaweza kurudisha ada yake yote. Ipo dhamana ambayo benki hulipa pale tu inapothibitika kwamba mkandarasi amevunja mkataba, na ipo nyingine ambayo benki hulipa kwa kudaiwa tu, mwajiri akiandika barua, kisha benki humgeukia mkandarasi na nyumba aliyoiweka rehani. Mkadiriaji mzuri anaweza kulipita neno hilo bila kusimama, kwa maana halimo katika vipimo vyake. Wakili hawezi kulipita.

Chukua pia fidia ya ucheleweshaji. Tuseme mkataba ni wa shilingi milioni 400, na umeweka fidia ya asilimia 0.1 kwa siku hadi kikomo cha asilimia 10. Hiyo ni shilingi 400,000 kila siku, na baada ya siku 100 mkandarasi ameshakatwa shilingi milioni 40, ambazo kwa kampuni ya madaraja ya chini huenda zikazidi faida yote ya kazi. Mkadiriaji atakuhesabia siku ambazo si zako na kuziondoa. Wakili atakukumbusha kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 74, inampa aliyeumizwa fidia inayostahili isiyozidi kiasi kilichotajwa, na kwa hiyo kiasi kilichoandikwa ni dari tu, bado kinaweza kuhojiwa. Hoja ya mkadiriaji hutumika mapema na humaliza jambo kwa barua. Hoja ya wakili hutumika mwishoni, mbele ya mtu wa kuamua. Ukiwa na uwezo wa kulipia moja tu, nunua ya kwanza, maana ndiyo inayokuepusha kuihitaji ya pili.

Naelewa kwamba kauli hiyo haiwafurahishi marafiki zangu mawakili, kwa hiyo nieleze ilikotoka. Jiji hili limejengwa juu ya mawe, na kila mkandarasi wa Nyamagana na Ilemela anajua kwamba mtaro wa msingi unaweza kuanza kwenye udongo mwekundu laini na mita mbili mbele ukagonga mwamba. Tulipokuwa tunajenga vyumba vya madarasa kwenye mteremko, tulikutana na mwamba huo sentimita 60 tu kutoka juu, karibu nusu ya urefu wa jengo. Msimamizi wetu, fundi hodari asiyependa kulalamika, alitafuta wavunja mawe, wakauchoma moto mwamba na kuupasua kwa nyundo, kisha akakodi kompresa kwa sehemu iliyokataa. Kazi ilisonga. Katika mchanganuo wa bei, ambao saiti kila mtu huuita BOQ, uchimbaji wa mwamba ulikuwa na mstari wake wenye kipimo kidogo mno, na mkataba ulituruhusu kudai kipimo halisi pamoja na siku za nyongeza, ila kwa taarifa ya maandishi ndani ya muda uliotajwa. Sisi tuliandika wiki ya saba, baada ya zege kumwagwa na kuufunika ushahidi wote.

Meneja wa mradi, anayeusimamia mkataba kwa niaba ya mwajiri, alikataa. Tukaenda kwa wakili, naye akaandika barua ambayo hadi leo naiona kuwa mfano wa uandishi mzuri, yenye vifungu, heshima na msimamo. Ilijibiwa kwa mistari minne: taarifa ilichelewa, na kina cha mwamba hakiwezi tena kupimwa. Wakili hakukosea popote, sisi ndio tuliomletea jambo lililokwisha kufa.

Kazi iliyofuata ilikuwa na mwamba vilevile, na safari hiyo tulikuwa tumemlipa mkadiriaji aje saiti mara mbili kwa mwezi. Siku ya kwanza alimfundisha msimamizi mambo ambayo hayahitaji shahada yoyote: mtaro upigwe picha futi ya kupimia ikiwa imesimamishwa ndani yake na namba zikisomeka; kimo cha mwamba kipimwe msimamizi wa upande wa mwajiri akiwepo; karatasi ya vipimo isainiwe na wote wawili siku hiyo hiyo, hata kama ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari; na barua ya taarifa itoke kabla ya wiki kuisha, hata kama gharama haijajulikana. Barua yenyewe haikuzidi nusu ukurasa. Kipimo kilikubaliwa na muda ukaongezwa, na hakuna aliyemtaja wakili.

Masharti ya taarifa si ya mchezo, na kadiri mradi unavyokuwa mkubwa ndivyo yanavyozidi kuwa makali. Katika mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kitabu chekundu cha mwaka 1999 kinampa mkandarasi siku 28 tangu alipolijua tukio, au alipopaswa kulijua, kutoa taarifa ya dai, na akizipitisha hapati nyongeza ya muda wala malipo. Maelezo kamili ya dai yanatakiwa ndani ya siku 42, ambazo toleo la 2017 limezifanya 84, huku zile 28 za taarifa zikibaki kama zilivyokuwa. Mkandarasi wa hapa anayeingia chini ya mkandarasi mkuu wa mradi mkubwa, wa reli au wa barabara kuu, anapaswa kujua kwamba taarifa yake lazima ifike kwa mkandarasi mkuu mapema zaidi, ili naye apate nafasi ya kuipeleka juu. Mkataba mdogo wa namna hiyo mara nyingi huwa na siku chache kuliko ule mkubwa, na huweza kuwa na sharti kwamba utalipwa mkuu akishalipwa. Ukikutana na sharti hilo, mwite wakili kabla hujasaini, kwa kuwa vipimo vya mkadiriaji haviwezi kulilainisha.

Kwa ufupi wa upande wa gharama: mkadiriaji hulipwa kwa siku, kwa mwezi au kwa kazi, na wapo wanaoomba asilimia ya kitakachopatikana. Mimi siupendi mtindo wa asilimia katika kazi ndogo, kwani humvuta mtu kuvimbisha dai, na dai lililovimba humpa meneja wa mradi sababu ya kulikataa lote pamoja na sehemu yake ya kweli.

Wakili wa mwaka mzima au wa shughuli moja

Kampuni ikishaamua kwamba inahitaji wakili, hubaki swali la kumweka kwa ada ya mwezi au kumlipa kwa kila jambo. Ada ya mwezi ina raha yake: unapiga simu bila kuhesabu dakika, barua za kawaida zinapitiwa, na wakili huizoea kampuni, akajua kwamba mkurugenzi huahidi kwa mdomo mambo ambayo baadaye huyakana. Hasara yake ni kwamba kampuni yenye kazi mbili kwa mwaka hulipa miezi mingi ya ukimya, na wakili anayelipwa kwa ukimya huanza kuusahau mradi wako. Kwa kampuni iliyo na miradi minne au mitano kwa wakati mmoja, wafanyakazi wengi wa mikataba na mikopo ya benki, ada ya mwezi ina maana. Kwa wengine ninapendekeza malipo ya shughuli, na shughuli ya kwanza kuilipia iwe kusoma masharti kabla ya zabuni au kabla ya saini.

Hapo kuna tofauti ambayo huwa haielezwi vya kutosha kati ya kazi za umma na za watu binafsi. Mkataba wa umma huja katika nyaraka sanifu, na zabuni yenyewe hupita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Ukishinda, huna nafasi ya kuketi na mwajiri na kubadili vifungu. Kumlipa wakili asome mkataba wa namna hiyo siku moja kabla ya kusaini ni kumlipa akusomee hukumu. Ushauri wenye faida hununuliwa wakati zabuni iko wazi, pale ambapo bado unaweza kuuliza ufafanuzi, kuyasoma masharti mahsusi ya mkataba huo, na kuiingiza hatari katika bei yako. Mfano ni kazi ya Ukerewe: saruji na nondo huvuka ziwa, na upepo ukichafuka kivuko husimama. Mikataba mingi ikikuhurumia kwa hali ya hewa hukupa siku tu bila shilingi. Mshauri aliyeisoma zabuni mapema atakuambia uweke gharama ya ghala na akiba ya saruji Nansio ndani ya bei zako. Anayeisoma baada ya saini atakuambia pole.

Mteja binafsi ni kinyume chake. Mwenye hoteli ya Capri Point au ghala la Nyakato anaweza kukubali mabadiliko mezani, na ukurasa mmoja wa wakili unaweza kuweka riba ya malipo yaliyochelewa, haki ya kusimamisha kazi usipolipwa, na tarehe ya kurudishiwa fedha iliyozuiwa hadi kipindi cha uangalizi kiishe. Badala ya kuandika upya kila kitu, mawakili wanaoijua sekta huanzia kwenye fomu ya Baraza la Taifa la Ujenzi ya mikataba ya majengo na kurekebisha machache. Ukiona wakili anaanza na karatasi tupu, muulize ni mikataba mingapi ya ujenzi aliyowahi kuisimamia.

Kuna jambo jingine la mji wetu. Mwanza ni kubwa kwa watu, lakini mawakili wanaofanya kazi za ujenzi ni duara dogo, na yule unayemfuata huenda anaishauri benki iliyotoa dhamana yako au ana shauri linaloendelea la mwajiri wako. Muulize hilo kabla hujamwachia jalada, naye atakujibu, kwani maadili ya kazi yake yanamtaka ajitoe penye mgongano wa maslahi. Uhai wa leseni yake, inayohuishwa kila mwaka, unaweza kuuangalia mwenyewe kupitia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama.

Mtu wa ofisini, Baraza na vyama

Kampuni ndogo nyingi zina mtu anayeitwa ofisa mikataba ambaye kwa kweli ni karani, mtunza stoo na mpeleka barua. Simdharau, maana mimi nilianza hivyo. Huyu hawezi kuwa mbadala wa wakili wala wa mkadiriaji, ila bila yeye wote wawili hufanya kazi gizani. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila barua inayopelekwa inagongwa mhuri wa kupokelewa kwenye nakala, kwamba maagizo ya mdomo ya saiti yanaandikwa na kurudishwa kwa aliyeyatoa siku hiyo hiyo, na kwamba shajara ya saiti ina mvua, idadi ya vibarua na mashine zilizosimama. Hapa kuna ugumu wa lugha. Masharti ya mkataba mara nyingi yako kwa Kiingereza, vikao vya saiti hufanyika kwa Kiswahili, na ugomvi wa mafundi hufanyika kwa Kisukuma. Ofisa mzuri ni yule anayeweza kuyageuza maneno ya kikao kuwa barua inayotumia jina halisi la kifungu. Ukimpata, mpandishe mshahara kabla kampuni nyingine haijamchukua.

Baraza la Taifa la Ujenzi lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, na ni taasisi ambayo makandarasi wa mikoani hatuitumii vya kutosha. Hutoa ushauri wa kiufundi, huandaa fomu za mikataba, hutoa takwimu za bei zinazotumika katika fomula za mabadiliko ya bei, na husimamia usuluhishi wa migogoro ya ujenzi. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa upande wake, huendesha mafunzo na ina ofisi ya kanda hapa Mwanza, lakini ni msimamizi wako pia, na usitarajie ikushauri namna ya kushinda dai. Vyama vya makandarasi ni vizuri kwa jambo moja hasa: kujua mwajiri fulani hulipaje. Taarifa hiyo huipati kwa wakili yeyote.

Mgogoro ukishaiva

Jambo likishindwa kumalizwa kwa barua, ulinganisho unageuka, na sasa mkadiriaji anamfuata wakili badala ya kumtangulia. Hapa mkataba ndio unaochagua njia, nawe unachagua msaidizi.

Katika mikataba mingi ya umma ya ukubwa wa kati, hatua ya kwanza ni mwamuzi wa mradi, mtu wa fani aliyetajwa ndani ya mkataba, ambaye hupewa siku 28 kutoa uamuzi. Asiyeridhika naye huwa na siku 28 za kulipeleka jambo kwenye usuluhishi, na akikaa kimya uamuzi unakuwa wa mwisho. Mbele ya mwamuzi wa namna hii, mkadiriaji mwenye jalada lililopangwa hufanya vizuri kuliko wakili mwenye sauti nzuri, kwa sababu mwamuzi mwenyewe mara nyingi ni mhandisi au mkadiriaji na anataka vipimo, tarehe na picha. Wakili apitie hoja na alinde siku. Asiachiwe kuongea peke yake.

Usuluhishi ni mlango mwingine. Unaongozwa na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, na faida zake zinajulikana: faragha, mtu anayeijua fani, na tuzo ambayo Mahakama Kuu inaweza kuikazia kama hukumu. Gharama ndiyo inayoumiza. Hakimu hulipwa na Serikali, msuluhishi hulipwa na ninyi, tena kwa amana ya mwanzo, na kama masharti mahsusi yametaja Dar es Salaam kuwa mahali pa kusikilizia, ongeza nauli za ndege na hoteli za mashahidi wako wote, akiwemo yule msimamizi aliyeuchoma moto mwamba. Kwa dai la shilingi milioni 15 hesabu hiyo haiwezekani. Hii ndiyo sababu ninasisitiza kwamba mahali pa usuluhishi pasomwe wakati wa zabuni, na kwa mteja binafsi paandikwe Mwanza kwa herufi zinazosomeka.

Mahakama hufaa zaidi pale ambapo mkataba hauna kifungu cha usuluhishi, au deni halibishaniwi na kinachokosekana ni nia ya kulipa. Mahakama Kuu ipo hapa, na Divisheni ya Biashara ina masijala Mwanza, kwa hiyo safari si tatizo. Tatizo ni makosa mawili ambayo nimeyaona yakirudiwa. La kwanza ni kufungua shauri wakati mkataba una kifungu cha usuluhishi, mwajiri akaomba lisimamishwe, na kampuni ikarudi mwanzo baada ya kulipa ada za mahakama na za wakili. La pili linaihusu halmashauri. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, anayetaka kuishtaki mamlaka ya serikali za mitaa hufuata utaratibu wa mashauri dhidi ya Serikali: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuunganishwa katika shauri, na shauri kufunguliwa Mahakama Kuu. Miezi hiyo mitatu inapaswa kuhesabiwa ndani ya ile miaka sita ambayo Sheria ya Ukomo wa Muda inaitoa kwa madai ya mkataba, na wapo wanaoanza kuitafuta notisi wakiwa wamebakiwa na wiki. Hapa hakuna mkadiriaji wa kukusaidia. Mtafute wakili aliyewahi kushtaki taasisi ya umma, umwonyeshe mkataba kabla ya kumweleza hasira zako.

Kuhusu upatanishi, yaani pande mbili kukaa na mtu wa tatu asiye na uwezo wa kuamua, nasema machache tu: ni wa bei nafuu, na kwa mteja binafsi ambaye bado mnasalimiana umefaulu mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Kwa taasisi ya umma hufaulu mara chache, kwa sababu anayekaa mezani hana mamlaka ya kukubali kulipa.

Tukirudi kwenye fedha iliyopo, kampuni ndogo, ya daraja la sita au la saba, yenye kazi moja au mbili ningeishauri iwe na ofisa mmoja makini wa makaratasi, imlipe mkadiriaji kwa ziara za saiti miezi ya kazi za msingi na miezi ya kufunga hesabu, na imlipe wakili mara moja kwa kila mkataba, mapema, kwa kazi ya kusoma dhamana, masharti mahsusi na kifungu cha migogoro. Kampuni kubwa zaidi, ya daraja la tatu au la nne, yenye wakandarasi wasaidizi na mikopo iongeze wakili wa mwezi, lakini isimpunguze mkadiriaji ili imlipe huyo. Anayefanya kazi za watu binafsi tu anaweza kupindua mpango huo, akaweka fedha zaidi kwa wakili mwanzoni, kwa kuwa kwake kila kifungu bado kinabadilika.

Na mshauri yeyote utakayemchagua, makubaliano yenu nayo yaandikwe: kazi gani imo ndani ya ada, kazi gani haimo, nani analipia safari, na jalada litarudishwa lini mkiachana. Nimewahi kukaa wiki tatu nikilisubiri jalada letu wenyewe kwa mshauri tuliyeachana naye, huku siku 28 za kupinga uamuzi zikihesabika, na nakala pekee ya karatasi ya vipimo yenye saini mbili ilikuwa humo ndani.